Unywele Tu Kila Upande

Ilianza na kiatu. Mtoto wa miaka kumi kiatu humbana, ndiyo kawaida ya watoto. Hakimpwayi kiatu alichokivaa sawasawa wiki iliyopita. Lakini Jumatatu ile ya Agosti Janelle Dietz alitoka chumbani akiburuta miguu, raba zake nyekundu za besiboli zikipiga sakafu kwap, kwap, na alipofika mezani alichomoa mguu bila kugusa kamba.

"Mama, viatu vyangu vimekua."

Mama yake, Rhoda, alikuwa anakaanga mayai. Akacheka. "Viatu havikui, mwanangu. Umevaa vya nani?"

"Vyangu. Soma jina."

Jina lilikuwepo, ndani ya ulimi wa kiatu, kwa mwandiko wa Rhoda mwenyewe. Akachutama, akaingiza kidole nyuma ya kisigino cha mtoto. Kidole kikaingia chote na nafasi ikabaki. Ijumaa tu mtoto huyu huyu alikuwa analia kwamba viatu vinamuumiza vidole. Rhoda akamgeukia mumewe. Harlan alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, kimya, na kunyamaza kwa Harlan Dietz ni habari, kwa sababu yule bwana alikuwa muuza kadi za besiboli, na muuza kadi hula kwa mdomo wake.

"Halafu nani anatafuna bigijii asubuhi yote hii?" Rhoda akauliza huku akinusanusa. "Nyumba nzima inanuka."

Hakuna aliyekuwa anatafuna. Ilikuwa harufu ya ile bigijii ya zamani, ya waridi, iliyokauka, iliyokuwa ikifungwa pakiti moja na kadi miaka ya hamsini. Ilikuwa tamu na yenye vumbi. Harlan aliijua kuliko mtu yeyote pale Kutztown. Akasema amechelewa kufungua duka, akatoka bila kumaliza kahawa.

Sitamtetea Harlan. Wapo wanaosema alikuwa mtu mwema aliyeteleza mara moja tu, na mimi nasema mtu anayeteleza huwa hajashika rula mkononi. Alikuwa na duka dogo Barabara Kuu, karibu na kinyozi, na mwaka ule wa 1991 Pennsylvania nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kadi. Watu walikuwa wakipanda darini kufukua maboksi ya utoto wao. Madaktari wa meno walikuja na magari ya fahari kununua picha ya mrushaji wa mpira yenye ukubwa wa kiganja. Na wote walimletea Harlan, kwa sababu Harlan alikuwa na jicho.

Alimfundisha bintiye biashara ile kila Jumamosi, mtoto amekaa juu ya kaunta anatafuna biskuti za chumvi. "Nani yuko kwenye picha, hilo la kwanza," alikuwa akimwambia. "Halafu, zimebaki ngapi duniani. Lakini vyote hivyo ni bure kama kona zimelegea. Kona iwe kali ikuchome kidole. Picha ikae katikati, mikanda myeupe ya pembeni ilingane. Usikubali mkunjo, usikubali alama ya kalamu. Kadi nzuri ni ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipenda."

Mtoto alicheka sana kwa hilo. Harlan naye alicheka, kwa sababu ndivyo ilivyo katika biashara ile: kadi iliyopendwa ni kadi iliyochakaa.

Sasa, wiki mbili kabla ya kiatu, aliingia dukani Bibi Naomi Kistler. Alikuwa na miaka themanini na minne, mjane, mikono inatetemeka, gauni la bluu limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa mlikuwa na kadi.

Ilikuwa kadi ya Leroy Kistler ya mwaka 1954. Leroy alikuwa mtoto wa pale pale, mrushaji wa mkono wa kushoto, aliyefika ligi kubwa akacheza wiki sita tu, akafa kwa ajali ya basi la timu akiwa na miaka ishirini na miwili. Kampuni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuchapa kadi yake. Wakasimamisha mashine kwa heshima ya marehemu. Wenye kujua walisema zilitoka kadi kumi na moja. Harlan alikuwa amezisikia tu, hajawahi kuishika hata moja.

"Mwanangu," Bibi Naomi akasema, kama anayemtambulisha mtu aliyesimama pembeni yake.

"Namjua, Bibi. Nani asiyemjua." Harlan alikuwa tayari ameiinamia na kioo chake cha kukuzia. Rangi ilikuwa hai. Picha ilikaa katikati, barabara. Hakukuwa na mkunjo. Lakini kingo zilikuwa zimefifia kidogo, na kona ya chini upande wa kulia ilikuwa laini, ya duara, imelika kama kona ya sabuni. "Ah, Bibi. Hii kona imefanywa nini?"

"Ndipo ninapomshika," bibi akasema. "Kila asubuhi, kabla ya chai. Nashika hapo kwa dole gumba, namwambia habari za nyumbani. Miaka thelathini na saba."

"Imekula thamani yote hiyo kona. Ingekuwa kali, ungenunua nyumba."

"Nyumba ninayo."

"Niuzie hivyo hivyo, basi. Nitakupa bei nzuri."

Bibi Naomi akamtazama vizuri. Hakukasirika, alimtazama tu kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango. "Siuzi mwanangu, Harlan. Nimekuja uniwekee kwenye kasha la plastiki gumu. Mikono yangu haina nguvu tena, naogopa nitamwangusha. Unaweza?"

Kasha la aina ile halikuwepo dukani. Lilikuwepo, nisiseme uongo, lilikuwa nyuma kwenye rafu, lakini Harlan alisema halipo, litafika wiki ijayo, aiache tu. Bibi akasita. Akashika ile kona kwa dole gumba mara ya mwisho, midomo ikamchezacheza, kisha akaisukuma juu ya kaunta.

"Nairudia Alhamisi," akasema. "Irudi kama ilivyo. Usimpunguze hata unywele."

Hakuirudia. Jumanne jirani alimkuta amekaa kwenye kiti chake cha jikoni, chai imepoa, dole gumba na kidole cha pili vimeshikana kana kwamba ameshika kitu katikati. Harlan alikwenda mazishini akiwa na tai nyeusi. Alikula hata pai ya molasi kanisani, akasikia watu wakisema kwamba bibi hakuacha mtu, ukoo umekwisha. Akarudi nyumbani akijua kwamba hakuna kiumbe duniani anayejua kadi ile iko wapi.

Kesho yake mchana alifunga mlango wa duka, akageuza kibao. Akatandika kadi juu ya kioo, akaweka rula ya chuma, akachukua wembe mpya. Katika biashara ile kukata kingo ndiyo dhambi kuu, kubwa kuliko kusema uongo, na kila muuza kadi amewahi kuapa kwamba hawezi kuifanya. Ukikata ukingo uliofifia, ukingo mpya hutoka mkali. Ukikata pande zote nne, kona zote huchoma kidole. Na kama mkono wako ni mwepesi, kadi inakuwa ndogo kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukijua.

"Unywele tu," Harlan alijisemea. "Unywele tu kila upande."

Chwaa. Chwaa. Chwaa. Ule upande wa kulia, wenye kona ya bibi, ulihitaji zaidi kidogo. Chwaa. Vipande vinne vyembamba kama uzi vikajikunja juu ya kioo. Akavipuliza, vikaanguka sakafuni, na wakati ule ule harufu ya bigijii ikapanda, nzito, kama pakiti imefunguliwa chini ya pua yake. Akadhani ni boksi la kadi limevuja. Akampigia simu mnunuzi wa Philadelphia, bwana mmoja aitwaye Trexler, akamwambia ana Kistler, kona kali zote nne.

Hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza siku ile ya kiatu.

Baada ya kiatu ikaja suruali, ikafuata pete ndogo ya shanga iliyoanza kumwanguka mtoto kidoleni kila akinawa. Rhoda alidhani Janelle anakonda, akampeleka hospitali, na daktari akampima uzito akasema mtoto mzima kabisa, mashavu haya, anakula kama nani sijui. Hakuwa amekonda. Hilo ndilo lililomtisha Rhoda. Mtoto alikuwa vile vile, ila kidogo.

"Unasikia nini ukiamka?" Rhoda alimuuliza siku moja wakifua nguo, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulala amejikunja kama konokono, mikono kifuani, miguu mbali na mwisho wa kitanda.

"Karatasi," Janelle akanong'ona. "Kuna mtu anakata karatasi, mama. Kunapopambazuka. Juu ya kichwa changu, halafu miguuni, halafu huku na huku. Haiumi."

"Unamwona?"

"Naona dole gumba lake tu. Linanishika hapa." Akaonyesha bega lake la kulia. "Linanishika vizuri. Halafu linanikata."

Rhoda akaacha nguo kwenye maji. Akamshika mtoto mkono, akampeleka jikoni, kwenye mwimo wa mlango ambako familia ile, kama familia zote za kule, ilimpima mtoto kila siku ya kuzaliwa na kuchora mstari wa penseli na tarehe. Tarehe mbili Agosti, siku ya miaka kumi: futi nne, inchi nne na nusu. Akamsimamisha, visigino ukutani, akamwekea kitabu kichwani. Akachora. Kisha akakaa chini sakafuni. Mtoto alikuwa amepungua zaidi ya inchi mbili, na ilikuwa bado Agosti ile ile.

Ndipo alipoinua macho akaona picha za ukutani, picha za shule za Janelle, moja kwa kila mwaka, na katika kila moja mtoto alikuwa hayuko tena katikati, amesogea pembeni, na sikio lake la kulia, ambalo Rhoda alilichana nywele nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kila picha, halikuwepo, limeishia kwenye ukingo wa picha, limekatwa kwa mstari ulionyooka.

Wakati huohuo Trexler alikuwa dukani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa, na alipoiona kadi alivuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi. Akaitazama kona moja moja. Akatabasamu. Kisha akatoa mfukoni rula ndogo.

"Inchi tatu na robo tatu," Trexler akasema taratibu, "ndiyo urefu wa kadi zote za mwaka ule. Hii haifiki."

"Mashine za zamani, bwana. Zilikuwa zinacheza."

"Zilicheza pande zote nne?" Trexler akairudisha juu ya kaunta kwa ncha ya kidole. "Kaka, zilikuwa kumi na moja. Hii ningeinunua na kona zake mbovu, ningekulipa ukastaafu. Kona mbovu ni uzee tu. Hii umeiua. Sasa haina bei, hata ya kuwashia jiko." Akavaa kofia. "Na fungua dirisha. Pananuka kama duka la pipi la wafu."

Harlan alibaki peke yake saa sita mchana, jua limejaa kioo cha mbele, watu wanapita barabarani na aiskrimu zao. Kitu kilimwambia aigeuze kadi. Nyuma ya kila kadi huandikwa habari za mchezaji: amezaliwa wapi, mkono gani, uzito, urefu. Leroy Kistler alikuwa na futi sita, Harlan aliisoma kwa macho yake siku ile bibi alipokuja. Akaigeuza. Jina lilikuwa lile lile, mkono wa kushoto ule ule, wino ule ule mwekundu wa mwaka 1954, na mbele ya neno la urefu palikuwa pameandikwa futi nne, inchi mbili na robo, na simu ikalia, na alikuwa Rhoda, na kabla hajasema halo Rhoda alikuwa anasema kwa sauti ndogo iliyokauka, "Harlan, nimempima. Futi nne, inchi mbili na robo. Harlan, mtoto anapungua," na nyuma ya sauti yake, ndani ya waya au ndani ya duka, hakujua, kulikuwa na mtu anakata karatasi, polepole, kwa mkono unaotetemeka.

Alimwambia Rhoda kila kitu. Alisimulia amesimama jikoni, kofia mkononi. Rhoda alisikiliza hadi mwisho na hakupiga kelele.

"Ulimkata mtoto wa mwenzio," akasema, "ukadhani wako hatapungua."

"Ilikuwa unywele tu, Rhoda."

"Nenda kwa Raymond Hoch. Nenda sasa hivi. Usiponirudishia mtoto wangu, mimi nitakukata mwenyewe, na sitatumia rula."

Raymond Hoch alikuwa fundi wa mashine za kukatia nyasi. Gereji yake ilikuwa nje ya mji, na saa zote mikono yake ilikuwa na oili. Lakini watu wa kaunti ile ya Berks, Wajerumani wa zamani wa kule, wanajua nani wa kumwendea dawa ya hospitali ikishindwa, na Hoch alirithi maneno ya uganga kwa shangazi yake. Hakupokea malipo. Ukimwambia asante, dawa inaharibika, kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Kuna maradhi ya watoto ambayo wazee wa kule huyaita abnemme, kupunguka, na dawa yake ni kupimwa kwa uzi mwekundu.

Alimpima Janelle pale pale katikati ya mashine zilizofunguliwa, utosini hadi kisigino, ncha ya mkono hadi ncha ya mkono, akinong'ona Kijerumani chake. Akapima tena. Kisha akashika ukucha wa mtoto, akaupeleka kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa zimenyooka, laini, bila alama za kidole, kana kwamba zimepitiwa wembe.

"Nimepima watoto wengi waliokonda," akamwambia Harlan, sauti chini ili mtoto asisikie. "Kukonda huanzia ndani. Huyu hakondi. Huyu anakatwa kingo. Umefanya nini, kijana wangu?"

Harlan akaitoa kadi. Hoch hakuigusa.

"Anaishia wapi?" Harlan akauliza. "Atamkata hadi lini?"

"Mbona unajua." Hoch akapangusa mikono kwa kitambaa. "Hadi aenee kwenye kadi."

Nje mtoto alikuwa anarusha jiwe juu na kulidaka, jua limempiga mgongoni, na fulana yake, ambayo mwezi Juni iliishia kiunoni, sasa ilimfika mapajani. Harlan alimtazama akalia. Hoch alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia la kufanya. Atafute vile vipande vinne alivyovikata, vyote, avirudishe vilipokuwa, ampelekee mama mwanawe akiwa mzima. Aende mchana, wafu wa hasira hawajali saa. "Asigeuke mtu kuangalia nyuma," akasema. "Na usimwombe msamaha. Atautumia kufanyia nini? Mpe kilicho chake."

Harlan alirudi dukani akafungua mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi, akaumwaga kwenye gazeti. Alipekua kwa kibano na kioo chake, siku mbili, magoti yamechubuka, na jicho lile lile lililokuwa likitafuta kasoro za kadi za watu sasa lilitafuta uchafu wake mwenyewe. Akapata kipande cha juu. Akapata cha chini. Cha kushoto alikikuta kimeganda kwenye soli ya kiatu chake cha mazishi. Cha kulia, chenye kona iliyolika, hakikuwepo. Aling'oa mbao za sakafu. Hakikuwepo. Na kila asubuhi Rhoda alisimamisha mtoto kwenye mwimo, na kila asubuhi mstari ulishuka, na asubuhi ya tatu mtoto hakufikia tena kitasa cha mlango wa bafu bila kuinua mkono.

Alikwenda na vitatu. Makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohana yako kilimani, na siku ile palikuwa na joto, nyenje wanapiga kelele kwenye mahindi, mtu mmoja anakata nyasi upande wa pili. Jiwe la Leroy na jiwe jipya la mama yake yalikuwa pamoja. Harlan akapiga magoti kwenye udongo ambao haujaota nyasi. Akaweka kadi, akapanga vipande vitatu kwenye pande zake kwa kibano, kila kimoja mahali pake, akaizungushia uzi mwekundu aliopewa na Hoch. Nyenje wakanyamaza. Mashine ya nyasi ikanyamaza.

Harufu ya bigijii ikaja kutoka nyuma, na ndani yake harufu ya gauni lililopigwa pasi, na kitu kikamgusa begani, bega la kulia, laini, dole gumba la mtu mzee linalosugua mahali pamoja taratibu, mbele na nyuma, kama linavyosugua kitu lilichokizoea miaka thelathini na saba, na hakugeuka, shingo yote ilitaka kugeuka na hakugeuka, na sauti ikasema karibu na sikio lake, ile ile ya dukani, isiyokasirika:

"Cha nne?"

"Sijakipata, Bibi. Naapa nimetafuta."

"Ninacho mimi. Ndipo ninapomshika."

"Basi amekamilika. Muache mtoto wangu."

"Pande tatu zimefungwa," sauti ikasema. "Upande mmoja uko wazi. Ulinipunguzia, Harlan. Nilikuachia mkononi mwako nikakwambia, na ulikwenda mazishini kwangu ukala pai. Lazima kitu kipungue."

Hapo, na hapa peke yake nampa Harlan haki yake, hakufikiri. "Nikate mimi," akasema. "Yeye muache akue. Nikate mimi."

Dole gumba likasimama. Akasikia kama mtu anayepima, pumzi ndogo ya mzee anayekaza macho. Kisha nyuma ya sikio lake la kulia, chwaa.

"Unywele tu," Bibi Naomi akasema.

Nyenje wakaanza tena. Harlan akaifukia kadi kwa mikono, na akiteremka akafunga uzi uliobaki kwenye bawaba ya lango la makaburi, kama Hoch alivyomwagiza, ili kila afunguaye na kufunga ausugue hadi ukatike na maradhi yaishe nao. Asubuhi iliyofuata Janelle aliamka amejinyoosha kitanda kizima. Harufu haikuwepo. Krismasi alikuwa anadai viatu vipya, vya zamani vinambana, na Rhoda alikaa kwenye ngazi za duka la viatu akalia mbele za watu bila aibu.

Uzi ulikatika majira ya kuchipua, wote ila unyuzi mmoja. Huo bado uko kwenye bawaba. Nimeuona.

Harlan aliuza duka. Sasa anafanya kazi kwa Hoch, anatengeneza mashine za nyasi, na anafungua skrubu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haufiki mbali kama zamani. Shati zake Rhoda anazipunguza mkono mmoja. Watu wa mjini husema amepata kiharusi kidogo, ndiyo maana ameinama upande, na yeye huwaitikia. Mji mzima anajulikana kwa kitu kimoja tu: ukimletea kadi ya utoto wako kumuuliza bei, ataishika, atatafuta kona iliyolegea, na atakwambia usiiuze.

Tarehe mbili Agosti mwaka juzi Janelle alitimiza miaka kumi na mitatu. Rhoda alimsimamisha kwenye mwimo, akachora: futi tano na inchi moja. Wakapiga makofi. Kisha mtoto akashika penseli, kama afanyavyo kila mwaka sasa, akamwambia baba yake avue viatu. Harlan akavua, akasimama, visigino ukutani, akatazama mbele. Penseli ikapita juu ya kichwa chake. Mtoto akaitazama mistari ya baba yake, mmoja chini ya mwingine.

"Baba, umepungua tena."

"Unywele tu, mwanangu," Harlan akamjibu.